Mama Mukwe mu Klasi ya Mbele

Jumatatu, 3 Novemba 2025 — Ntoto

Manzi, shemeji yangu wa Kinshasa, amepiga simu. Reso inakatika-katika, nilipanda paka kule juu kwa kanisa ili nimusikie. Biye ya ndege iko tayari! Kisangani–Kinshasa, Jumatano ya wiki ijayo. Mimi na mama yake. Tena si kule nyuma na watu wote — klasi ya mbele! Viti viwili, bega kwa bega. Anasema: "Kaka Straton, mama yangu atakula kule juu kama muke wa gavana!"

Nilimushukuru sana. Halafu nilishuka kilima na miguu mizito.

Nilipomwambia Uwamwezi, muke wangu, alipiga kelele ya furaha. Kisha akaweka mukono juu ya tumbo yake — iko ya miezi nane, njo maana yeye hawezi kusafiri — akaniuliza pole pole: bega kwa bega? Wewe na mama?

Ehe. Mimi na mama.

Manzi alitoka Nyamitaba akingali mutoto, akakomalia kwa baba yake mudogo Kinshasa. Iko na kazi, iko na roho muzuri. Lakini amesahau. Kwetu mama mukwe hakule mbele ya mukwe wake. Mukwe asione mudomo yake ikitafuna. Serikali haikuandika hiyo, kanisa pia haikuandika. Njo vile tu. Tangu vita imutoe Nyamitaba, huyu mama analala kwa Mama Sidonie, mujane jirani yetu, juu hawezi kulala mu nyumba ya mukwe. Miaka yote hii nimeoa binti yake, sijamuona akinywa hata maji. Na jina yake sitaji. Hata hapa siandiki.

Sukari inamukula macho. La kushoto limeisha. La kuume linaona bado kivuli na rangi. Munganga wa Kinshasa alimwambia Manzi: mulete haraka, ao basi. Kwa hiyo tunaenda. Goma uwanja wa ndege umefungwa, kwa hiyo tunazunguka paka Kisangani, dunia nzima. Nimechoka na bado sijafunga valizi.

Jumatano, 5 Novemba — Walikale

Matope! Pikipiki mbili, bila shaka — mukwe na mama mukwe hawapande moja. Yake ilitangulia. Yangu ilianguka, na mimi ndani ya maji mekundu paka kiunoni. Yeye alifika musafi kama anaenda ku misa. Alimwambia shoferi wake, si mimi: "Mupe pole mukwe wangu, mwalimu."

Kwa lopitali, munganga ni dada mumoja Astrid. Kijana, hacheki. Alinivuta pembeni: "Papa, sikia vizuri. Akisha kujipiga sindano ya sukari, lazima akule. Haraka. Asipokula, sukari inashuka. Atatoka jasho, atatetemeka, ataanza kusema ovyo. Halafu analala, na anaweza kukosa kuamuka." Akanipa mufuko ya bonbon, pipi za sukari: akitetemeka, muwekee moja mu mudomo.

Mimi! Mu mudomo ya mama mukwe! Astrid ni wa Kasai, hakuona kitu gani alisema.

Sindano yenyewe tumeshapanga namna yetu. Mimi ninavuta dawa, juu yeye haoni namba. Ninaweka juu ya kitambaa, ninatoka. Yeye anajipiga, vidole vyake vinajua. Sijawahi kubaki.

Astrid alimuuliza kama anakulaka muzuri. Akajibu: "Ninakula sana, mwanangu. Muulize mukwe wangu."

Mukwe wako ajue wapi, Mama? Haki ya Mungu!

Alhamisi, 6 Novemba — Walikale

Gari haijatoka. Eti kesho. Jana pia ilikuwa kesho.

Tunakulia kwa mama mumoja wa malewa, kibanda ya chakula kando ya barabara. Nilimuomba atundike kikwembe pembeni kama pazia. Akaelewa mara moja, hakuuliza. Mama mukwe nyuma ya kikwembe, mimi mbele. Na kila mara, mbele ya kugusa sahani yake, sauti inatoka kule nyuma: "Mukwe wangu amekula?" Mwenye malewa anajibu ndiyo, njo ninasikia kijiko. Hajawahi kutangulia. Hata Ntoto, Uwamwezi anasemaka: mama hagusi ugali kama hajui wewe umekula. Leo nilikuwa nachelewa juu ya foufou ilikuwa moto, nikamwambia mama wa malewa aseme tu ndiyo. Njaa yangu ni yangu.

Mezani kulikuwa Jean-Bosco, anauzishaka mafuta na chumvi Hombo. Huyo ameshapanda klasi ya mbele! Siku moja walimupeleka kule bure, nyuma ilikuwa imejaa. Tangu ile siku hana habari ingine. Malewa yote ilisikiliza.

"Kwanza wanaleta kitambaa ya moto, wameikunja. Usikule! Rafiki yangu aliuma, alifikiri ni chapati. Ni ya kupangusa mikono. Kisha wanakuita Mesiye. Mesiye hapa, Mesiye pale. Kisha sinia. Yote kidogo-kidogo! Mukate kama ngumi ya mutoto mchanga. Nyama wamefunika na karatasi yenye kungaa, unafungua, moshi inakupiga mu uso. Watauliza: kuku ao samaki? Sema kuku, na useme haraka. Kuku inaishaka."

Watu walicheka. Mimi pia, kidogo.

Sauti ikatoka nyuma ya kikwembe: "Baba, na wanakulia wapi?"

"Pale pale, Mama. Ku kiti."

"Hakuna nyumba ya nyuma?"

"Mama, nyuma ya ndege ni mukia!"

Wakacheka paka machozi. Nyuma ya kikwembe kijiko ilikuwa imesimama. Haikuendelea tena leo.

Njo pale nilielewa: hata yeye alikuwa hajajua. Alifikiri klasi ya mbele iko na pazia, na jikoni, na wamama.

Jumamosi, 8 Novemba — kati ya Walikale na Lubutu

Kamio ya mizigo imezama ndani ya matope. Mvua. Mgongo, weee, mgongo! Nimesukuma na wanaume wengine paka viatu vilibaki ndani ya matope. Mama mukwe iko kabini na shoferi. Nilimusikia anaimba wimbo wa kanisa, sauti ya juu kabisa. Shoferi anamuitikia. Wao wako vizuri.

Jumapili, 9 Novemba — Lubutu

Tumepata pa kulala kwa Pasteri Nzabandora, muntu wa kwetu Masisi, alihamia huku zamani. Nikafikiri: huyu Mungu amenipa. Nikamuelezea yote — ndege, viti, sindano. Akakamata Biblia, akaenda kumusomea: Mungu anaangalia roho, hakuna kitu kinachoingia mudomoni kinachochafua muntu, na zingine. Vizuri sana. Nilikuwa nyuma ya mulango, nikisikiliza kama mwizi.

Alipomaliza, mama akasema: "Asante, Pasteri. Yesu njo alinipa wokovu. Adabu nilipewa na mama yangu. Hawajawahi kugombana."

Pasteri akarudi anafunga Biblia. "Mwalimu," ananiambia, "hiyo ni yako na yeye."

Na bonbon zimeisha! Nimekuta mama amegawia watoto wote wa parokia. Eti yeye si mutoto. Nilikasirika. Nilikasirika kabisa, na nitamukasirikia nani? Mukwe hainue sauti. Nikaenda kukata kuni za Pasteri, hakuna aliyeniomba.

Jumanne, 11 Novemba — Kisangani

Lami! Nilisahau namna gari inatembea juu ya lami. Nililala mudomo wazi.

Tuko kwa Fifi, binamu wa muke wa Manzi. Mwanamuke wa mujini, anacheka na kila kitu, lakini alitundika shuka sebuleni bila kuambiwa mara mbili. Mama alikula muzuri. Fifi aliniambia: sahani yote, na aliongeza.

Nikapiga simu kwa Manzi. Nilikuwa nimejipanga maneno. Nikamwambia: mudogo wangu, mama yako hawezi kukula kando yangu. Unitoe pale, uniweke nyuma kabisa, hata na mizigo.

Akasema: "Eh, Kaka. Eh! Mama angu." Alikuwa amesahau kabisa, njo imemurudia pale pale mu simu. Akaniambia vile alikuwa anakumbuka baba yao anafukuzwa sebuleni kila bibi, mama mukwe wake, akitaka kukula, na wao watoto wanacheka. Sauti yake ilibadilika. Alipiga kwa agansi ya ndege, akanirudilia: ndege imejaa, nyuma hakuna hata kiti moja. "Nilitaka kumupa heshima, Kaka."

Umetupatia, mudogo wangu. Tumejaa heshima paka shingoni.

Fifi anasema usiogope, ndege ni saa moja na nusu tu, mama atakula hapa mbele ya kuondoka, na nitamupa chupa ya mashanza kwa njia — maziwa ya mugando, anapenda — atakunywa wewe ukigeuka. Ni muzuri. Nitageuka. Nitaangalia mawingu.

Jumatano, 12 Novemba — Kisangani, uwanja wa ndege

Yote imeharibika na bado ni mchana.

Asubui watu wa ndege walituita mapema. Hakuna chai, hakuna kitu, haraka-haraka, ndege inawaacha! Hapa mulangoni mwenye kazi akasema: tunapanda sasa hivi, chakula mutapewa juu, hata mbele ya kuketi muzuri. Kwa hiyo mama akaingia kwa choo ya wamama na Fifi, akajipiga sindano. Sasa hivi, alisema! Mimi njo nilivuta dawa. Mimi njo nilisema sawa.

Kisha kwenye mashine wakakamata mashanza. Maji-maji haipite. Mama akasema haiko maji-maji, ni maziwa. Wakatupa. Chupa nzima! Fifi alikuwa amebaki inje, hakuna mwanamuke wa kwetu tena.

Mwenye kuangalia karatasi akaniuliza: mugonjwa wako anaitwa nani? Anarudilia. Nikamusukumia karatasi, asome mwenyewe. "Hujui jina ya mama yako?" Anacheka na wenzake. Akasoma jina kwa sauti, uwanja wote ukasikia. Mimi niliangalia viatu vyangu. Mama njo alinitetea: "Anaijua. Iko na adabu."

Sasa tunaketi. Ndege haijafika. Eti inatoka Kinshasa. Kantini imefungwa, mwenye ufunguo iko matanga. Nimezunguka uwanja wote kutafuta hata muhindi ya kuchoma — hakuna. Niliketi mbali ili akipata kitu akule. Hapati kitu. Anapangusa paji la uso na kikwembe yake. Hapa ni joto, kila muntu anapangusa. Ninajiambia ni joto.

Wanaita!

Jumatano, 12 Novemba — ndani ya ndege

Ninaandika juu ya goti. Nikiacha kuandika nitalia ao nitapiga muntu.

Viti vipana, kweli. Jean-Bosco hakudanganya. Kitambaa ya moto ilikuja — baridi. Mama alipangusa mikono, akaikunja tena vizuri kama alivyoikuta. Iko ku dirisha, mimi kando. Kati yetu ni mukono ya kiti tu. Tulipanda, masikio yakaziba, mama ameshika msalaba wa shingo yake.

Hotesi akakuja na sinia. Dada mupole, jina yake iko ku kifua: Umuhoza. Kuku haiko. Samaki tu. Wali, mukate ndogo, keki, jusi ya maracuja. Jusi! Nikafikiri: Mungu iko. Yeye akaweka sinia ya mama. Akataka kuweka yangu.

Nikakataa. Nikasema asante, mimi hapana, rudisha. Nilifikiri: nisikule mbele yake pia. Nisiongeze haya juu ya haya. Akarudisha.

Nikageuka. Nikaangalia ukuta wa choo. Nikangojea. Nyuma yangu hakuna sauti.

"Mama, kula," nikasema nikiangalia ukuta.

"Ndiyo, mukwe wangu. Ninakuja kukula."

Hakuna sauti.

Nikaamuka, nikaenda choo, nikajifungia. Nikasimama mule ndani kama muntu mugonjwa wa tumbo, nikisali zaburi nzima. Hotesi akagonga: Mesiye, kuko upepo mubaya, rudi ukae, funga mukaba. Nikarudi. Karatasi ya kungaa haijaguswa. Jasho imefika ku kola yake. Mikono inatetemeka juu ya magoti, ameificha ndani ya kikwembe ili nisione.

Nikamwambia Umuhoza sikioni: ni sukari, amepigwa sindano, asipokula anakufa. Akaruka! Akapiga magoti, akafungua jusi, akamupelekea ku mudomo. Mama akafunga midomo. Akatabasamu. "Asante, mwanangu. Nimeshiba."

Nimeshiba! Hajakula tangu jana!

Umuhoza akaniangalia, mimi nikamuangalia. Nikamuelezea kwa maneno mafupi. Huyu ni wa kwetu, hakucheka. Akasema: nitundike kitu? Akatafuta, hakuna pa kutundika, mukubwa wa kazi akamukataza. Akasema: abadili kiti na muntu? Kule mbele yetu kuko mwanaume munene na kofia, anakula kuku — kuku! — akasema yeye hatoki ku kiti amelipa. Kule nyuma wote wamefunga mukaba, ndege inatikisika, hakuna kuamuka tena.

"Blanketi iko?" nikauliza.

Akaleta.

Basi niko ndani ya blanketi. Mimi Straton, mwalimu wa darasa la sita, baba wa watoto, nimejifunika kichwa na yote mu klasi ya mbele kama kuku wa sokoni. Telefoni inaniangazia daftari. Mwenye kofia anacheka, ninamusikia. Acheke. Nimemwambia mama: "Mimi sioni tena kitu. Hakuna muntu hapa." Sauti yangu ilikuwa kali. Njo mara ya kwanza nimemusemesha hivyo. Akasema tu: "Ndiyo, baba."

Ninasikiliza.

Karatasi! Ameifungua. Ninasikia inavunjika-vunjika. Harufu ya samaki imeingia huku ndani. Bwana Yesu, asante.

Kijiko bado.

Ndege imeanguka kidogo. Umuhoza amesema pole Mama, pole. Mama anamuuliza kitu, polepole, maneno yake yanakokotana kama ya mulevi. Sijasikia. Umuhoza amejibu: "Hapana, Mama. Yeye alirudisha sinia yake."

Kitu kinaingia chini ya blanketi. Ni mukono wake. Sijawahi kuona mukono wake karibu hivi. Inatetemeka paka kwa kiwiko, iko baridi, imelowa. Imeshika mukate, na nusu ya samaki juu yake.

"Mukwe wangu," anasema, "wewe hujakula."

Nimeukamata mukate. Samaki imeanguka, nimeiokota ku suruali, nimeweka mu mudomo, na mukate wote kwa mara moja. Ninatafuna. Ninatafuna kwa nguvu, mudomo wazi, kama muntu asiyefundishwa na mama yake, ili asikie. Mwenye kofia amesema ku muke wake: sikia huyu munyama! Ninatafuna.

"Nimekula, Mama! Nimekula! Nimeshiba!"

Mukono umetoka.

Nimezima taa ya telefoni ili nisikie vizuri, ninaandika gizani. Nimeziba pumzi. Kijiko bado. Mama, kamata kijiko.